Kabla ya kununua mbao, uliza kiwanja kinakauka saa ngapi

Wengi wanaotaka nyumba ya mbao huku Arusha na Moshi huanza na picha kwenye simu: nyumba ya magogo, mlima nyuma yake, bomba la moshi juu ya paa. Kisha anatafutwa fundi, kisha mbao, na kiwanja kinakuja mwisho kwa sababu "kipo tu, ni cha mzee". Sisi tunaojenga nyumba hizi, na mara nyingi zaidi tunaoitwa kuzikarabati, siku hizi tunaanza na kiwanja. Swali letu la kwanza ni hili: mvua ikinyesha usiku, hapo mahali panakauka saa ngapi?

Kama saa tatu asubuhi kuta na nyasi zimekwisha kauka, una mahali pazuri. Kama ni saa nane mchana, itabidi mchoro ubadilike. Na kama mvua ya usiku wa pili inakuta maji ya usiku wa kwanza bado yapo, usisimamishe ukuta wa mbao hapo, hata kama mbao ni za bure.

Mbao ikilowa na kukauka siku hiyo hiyo haidhuriki sana. Kuvu wanaoiozesha wanahitaji unyevu wa asilimia 25 hadi 30 hivi ndani ya mbao ili wafanye kazi yao. Ikibaki chini ya asilimia 20 hawawezi kuila. Tatizo ni kwamba mbao hunywa maji hata kutoka hewani. Hewa yenye unyevu wa asilimia 65 huipeleka mbao kwenye asilimia 12 hivi. Hewa ya asilimia 80 huipeleka kwenye 16. Hewa ya asilimia 90, ikikaa hivyo kwa wiki kadhaa, huifikisha 20 bila tone moja la mvua kuigusa. Kiswahili kimeliona jambo hili mapema: ukungu unaoshuka mlimani na ukungu unaoota ukutani tumeviita jina moja.

Mlima mmoja, hewa nyingi

Moshi mjini iko kwenye mita 800 hadi 900 na ushee juu ya usawa wa bahari. Geti la Marangu liko karibu mita 1,870. Kila ukipanda mita 100 joto hupungua kama nyuzi 0.6, kwa hiyo kati ya soko la Moshi na geti lile kuna tofauti ya nyuzi 6 hivi, na ni safari ya asubuhi moja tu ya daladala. Mvua hupishana zaidi ya joto. Upande wa kusini na kusini-mashariki, yaani Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu, ndio unaopokea pepo zenye maji kutoka Bahari ya Hindi. Kadiri unavyopanda mvua inaongezeka, hadi ndani ya msitu kwenye mita 2,200 hivi ambako hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Zunguka kwenda Siha na West Kilimanjaro, mlima umekukinga: mvua ni haba na upepo ni mkavu. Meru nayo ni vivyo hivyo. Tengeru, Poli na Nkoaranga ni kijani mwaka mzima. Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki, mlima uleule, ni vumbi.

Kwa hiyo anayesema "najenga Kilimanjaro" hajasema kitu bado. Lazima ataje upande na kimo.

Tambarare, kwa maana ya Himo, Moshi ya chini, Bomang'ombe, Kisongo, mbao hukauka vizuri sana. Adui wa huku ni mchwa, na kadiri unavyoshuka kwenye joto ndivyo wanavyozidi. Adui wa pili ni udongo mweusi wa mbuga. Mwezi wa pili unapasuka hadi mkono unaingia kwenye ufa. Mwezi wa nne umevimba na kufunga. Nguzo iliyosimama juu ya udongo huo hupanda na kushuka kila mwaka, na fremu ya mbao, kwa kuwa ni nyepesi, hubebwa yote. Milango ndiyo inayotoa taarifa kwanza: Februari inafunga, Mei haifungi.

Upande mkavu wa juu, Monduli, Oldonyo Sambu, West Kilimanjaro, kuoza ni shida ndogo. Huko mbao husinyaa na kupasuka, jua linaichoma hadi inageuka rangi ya jivu, na nyasi kavu zinaweza kuleta moto hadi mlangoni. Njia za tembo upande wa Enduimet ni habari nyingine, si ya fundi.

Ukanda wa ukungu, juu ya Machame, Kibosho na Uru, na vilevile juu ya Nkoaranga, ndio wenye mandhari anayoitaka kila mtu. Nyumba tunazorudia kukarabati zinatoka huko kuliko kwingine kote. Ndiyo maana tunapoulizwa bila kufungwa na kiwanja cha urithi, tunaelekeza katikati: kati ya mita 1,000 na 1,400 kwa Kilimanjaro, na mita mia moja au mbili zaidi kwa Meru, sehemu kama Tengeru, Ngaramtoni, Sanya Juu au Marangu ya chini. Joto la mchwa limepungua, na ukungu haujaanza kulala. Kwa upande wa Meru lipo la kuongeza: maji ya maeneo mengi ya mlima ule yana floridi nyingi, na meno ya kahawia ya wenyeji ndiyo ushahidi. Mbao hazijali floridi, lakini utakayekunywa maji hayo ni wewe na watoto.

Kupima kabla ya kulipa

Usinunue kiwanja ulichokiona Januari. Januari kila mahali ni pazuri. Nenda Aprili, asubuhi baada ya mvua ya usiku, kisha rudi Julai wakati mawingu yanakaa siku nzima na watu wamevaa makoti. Mwezi wa saba huku mvua si nyingi, lakini jua huweza kupotea siku kadhaa mfululizo, na mbao zisizopata jua hazikauki hata kama hazinyeshewi.

Ukifika, usitazame mlima, tazama banda la ng'ombe la jirani. Karibu kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, kina banda, jiko au choo cha mbao. Chukua bisibisi, omba ruhusa, ichomeke kwenye ncha ya chini ya ubao na kwenye nguzo pale inapoingia ardhini. Ikiingia sentimita moja bila kutumia nguvu, uliza banda lina miaka mingapi. Banda la paina lisilo na dawa likidumu miaka 8 au 10 hivi na ncha bado ngumu, mahali hapo panaongea vizuri. Angalia pia magome ya miti: ukijani laini kama zulia ukizunguka shina pande zote, badala ya upande mmoja tu, maana yake hewa hapo haikauki.

Kuna kipimo kingine ambacho hakigharimu kitu ila subira. Kata kipande cha ubao wa 1x8 chenye urefu wa sentimita 30. Kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 100 hadi 105, siku nzima au zaidi, ukikipima kwenye mizani ya jikoni hadi uzito usishuke tena. Tuseme umepata gramu 600. Andika namba hiyo juu ya ubao kwa penseli. Sasa kitundike kiwanjani chini ya paa la banda, kisinyeshewe wala kisipigwe na jua, mwanzoni mwa Aprili, ukipime kila wiki kwa wiki nne au tano. Kikifika gramu 690, unyevu ni asilimia 15; endelea na mipango. Gramu 708 ni asilimia 18, na hapo nyumba itahitaji varanda, sakafu iliyoinuka na paa lililotoka sana. Kikipita gramu 720 umepita asilimia 20, na kipande hicho hakijawahi kuguswa na mvua. Fikiria ukuta utakaopigwa na mvua utakuwaje.

Hesabu ni ileile kwa mbao za kununua: kata kipande katikati ya ubao, si kwenye ncha, kwa sababu ncha hukauka mapema na hudanganya. Pima kikiwa kama kilivyo, kikaushe, pima tena. Toa uzito mkavu, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Muuzaji atakuambia, "Mzee, hii imekauka kabisa, gonga usikie." Mlio wa kugonga haujui asilimia.

Ndani ya kihamba

Kihamba kimoja cha nusu eka kinaweza kuwa na sehemu ya kujenga na sehemu ya kuoza, zikiachana hatua 20. Cha kwanza tunachotafuta ni mfongo. Mifereji hii ya Wachaga hupita juu ya mashamba, na mingi haijasakafiwa, kwa hiyo maji yanavuja chini kwa chini kufuata mteremko. Kiwanja kilicho chini ya mfongo kinaweza kuonekana kikavu juu huku udongo wa futi tatu chini ukiwa tope. Chimba shimo la mita 1 mwezi wa Mei jioni, lifunike kwa bati, lifunue asubuhi. Likiwa na maji, hama. Kama huna pa kuhamia, chimba mtaro wa kukata maji upande wa juu wa nyumba, kina cha sentimita 50 au zaidi, ujaze kokoto, uutoe pembeni hadi upande wa chini wa nyumba. Usiuzibe wala kuuhamisha mfongo wenyewe. Maji yale yana zamu na wenyewe, na ugomvi wa maji mlimani hauishi kwa kumnunulia mtu soda.

Cha pili ni migomba. Inapendeza ikiwa karibu na dirisha, lakini shamba la migomba lina hewa yake, yenye unyevu na isiyotembea. Acha angalau mita 4 kati ya ukuta wa mbao na mgomba wa kwanza. Migrivea na mikaratusi ipewe nafasi inayolingana na urefu wake, kwa sababu upepo ukiiangusha haichagui pa kulala, na majani yake huziba mifereji ya paa.

Cha tatu ni korongo. Usiku hewa baridi hushuka kutoka juu na kukusanyika kwenye makorongo. Ukungu hufuata njia hiyo hiyo. Nyumba ikae kwenye mgongo wa ardhi, si ubavuni karibu na maji. Hata sheria inakusukuma huko: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wauzaji wa viwanja vya "river view" hawaitaji sana.

Kuhusu jua, tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua la Juni linatoka kaskazini, la Desemba kutoka kusini, la kwanza likipanda hadi nyuzi 63 hivi na la pili hadi nyuzi 70. Paa likitoka mita 1 nje ya ukuta, kivuli chake cha saa sita kinafunika mita 2 hivi za ukuta mwezi Juni, na mita 2.7, yaani ukuta wote, mwezi Desemba. Lakini jua la asubuhi na la alasiri huingia chini ya paa lolote. Ukanda wa ukungu tunalitaka lile la asubuhi, kwa sababu ndilo linalokausha umande kabla mawingu hayajafunga. Chagua sehemu iliyo wazi mashariki. Upande wa West Kilimanjaro tunafanya kinyume, tunaweka varanda pana magharibi ili alasiri isichome ukuta.

Magogo au fremu?

Hapa ndipo kiwanja kinapoamua mchoro. Nyumba ya magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine hukaa kwenye upana wa mti, na mti husinyaa kwa upana, si kwa urefu. Magogo mabichi ya paina yakikauka, ukuta wa mita 2.5 unaweza kushuka hadi sentimita 15. Asiyejua hukaza fremu ya dirisha kwenye magogo. Ukuta unashuka, fremu haishuki, kioo kinapasuka au gogo la juu linaning'inia na kuacha mwanya wa kuingiza mkono. Lazima uache nafasi juu ya kila mlango na dirisha, uifunike kwa ubao uliopigiliwa upande mmoja tu ili uweze kuteleza, na kila nguzo iliyosimama wima iwe na jeki ya skrubu chini yake, ikishushwa kidogo kidogo miaka miwili au mitatu ya kwanza.

Fremu ya nguzo haina tabia hiyo. Nguzo iliyosimama hupungua urefu kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo paa linabaki pale pale na ukuta unajaziwa katikati. Maoni yetu ni kwamba magogo yabaki upande mkavu, ambako hukauka haraka na nyufa zake ni za sura tu. Mradi ufa wa juu wa gogo usikinge maji ya mvua. Ufa ukitazama juu, uujaze au uufunike. Upande wa Machame na Kibosho, fremu. Na kwenye ukungu kabisa, mawe au bloku hadi kimo cha mita 1 kutoka ardhini, kisha mbao juu yake. Wapo wanaosema hiyo si nyumba ya mbao tena. Wacha waseme.

Kwa aina za mti, soko la huku lina paina, saiprasi ambayo wengi huiita mti wa Krismasi, mgrivea na mkaratusi, kutoka mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Rongai au kutoka vihambani, na paina nyingine hupanda lori kutoka Mufindi. Paina hunywa dawa vizuri, ndiyo faida yake kubwa. Saiprasi kiini chake kinavumilia kidogo bila dawa. Mkaratusi ni mgumu ila hujipinda na kupasuka ukikaushwa haraka. Mtarakwa na kamfa ni mbao za kudumu kweli, lakini ni za misitu ya asili. Ukiuziwa bila karatasi, umenunua kesi.

Sasa tazama namba moja kwa karibu. Ubao wa paina wenye upana wa milimita 200, ukitoka mbichi hadi asilimia 14, husinyaa kama milimita 7. Ulimi wa mbao za kuchomekana mara nyingi ni milimita 8. Ukipigilia mbao mbichi, zikikauka ulimi umebaki na milimita 1 ndani ya mfereji wake, na kwenye ubao uliovuta upande mmoja umetoka kabisa. Mvua ya upepo inaingia, nawe unamlaumu fundi wa bati.

Kinyume chake nacho hutokea, na watu hawakitarajii. Mbao zimekaushwa vizuri Moshi mjini hadi asilimia 12, zikapelekwa Kibosho juu ambako hewa itazirudisha kwenye 18. Kila ubao wa milimita 200 utavimba milimita 3 hivi. Sakafu yenye upana wa mita 6 ina mbao 30. Jumla ni sentimita 9 zisizo na pa kwenda. Sakafu inainuka katikati kama nundu ya ng'ombe na misumari inang'oka. Dawa yake ni kuzipanga mbao kiwanjani, chini ya paa, juu ya magogo ya sentimita 40 kutoka ardhini, zikitenganishwa kwa vijiti vya inchi 1 kila sentimita 60, kwa wiki tatu au nne kabla ya kupigilia. Na acha sentimita 1 hadi 2 kuzunguka ukuta, skatingi itaficha.

Mguu wa nyumba

Chukua nyumba ndogo ya mita 6 kwa 8. Paa likitoka mita 1 kila upande linafunika mita 8 kwa 10, yaani mita za mraba 80. Kila milimita 1 ya mvua ni lita 80. Usiku mmoja wa Aprili wenye milimita 50 unamwaga lita 4,000, na bila mifereji ya paa maji hayo yote yanaanguka kwenye mstari mmoja kuizunguka nyumba, yakirushia tope kwenye mbao za chini. Ndiyo maana mbao ya chini kabisa tunaiweka sentimita 45 hadi 60 juu ya ardhi kwenye ukanda wa mvua, na hatushuki chini ya 30 popote.

Nyumba hiyo ikisimama juu ya vipilla kila mita 2, unahitaji vipilla 20. Kitako cha kila kimoja, sentimita 60 kwa 60 kwa unene wa 20, kwa zege ya 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), jumla ni karibu mita za ujazo 1.5, mifuko 9 hadi 10 ya saruji kwa vitako peke yake. Shuka hadi udongo mgumu. Kwenye udongo wa volkano wa mlimani mara nyingi ni sentimita 60 hadi 90. Kwenye mbuga utachimba hadi mita 1.5 na bado huna uhakika, kwa hiyo hesabu gharama hiyo kama sehemu ya bei ya kiwanja.

Nguzo ya mbao isiingie ndani ya zege. Zege hushika maji kuizunguka kama kikombe, na nguzo huoza pale pale kwenye mdomo wa zege huku juu na chini ikiwa nzima. Chomelea kiatu cha chuma, kiache nafasi ya sentimita 2 hadi 3 chini ya nguzo. Juu ya kila kipilla weka kipande cha bati kilichotoka sentimita 5 kila upande na kukunjwa kuelekea chini. Bati hilo halimuui mchwa. Linamlazimisha kujenga njia yake ya udongo nje, mahali unapoiona kwa tochi. Kwa hiyo nafasi chini ya sakafu iwe ya mtu kuingia akitambaa, na usiijaze kuni. Nyumba ngapi zimeingiliwa kupitia rundo la kuni lililoegemezwa ukutani!

Dawa ya udongo, yenye bifenthrin au fipronil, humwagwa kabla ya kufunika, kwa kawaida lita 5 za mchanganyiko kwa mita ya mraba. Soma lebo, na usiimwage karibu na kisima wala mfongo. Mbao za dawa ya kijani zinafaa kwa sehemu za chini na za nje. Usizichome vipande vyake jikoni, jivu lake lina aseniki. Zipigilie kwa misumari iliyopakwa zinki. Ile ya kawaida hulika. Mbao za ndani na za kenchi zinatosha kwa boraksi na asidi ya boriki, tatu kwa mbili kwa uzito, zikayeyushwa kwenye maji ya moto na kupakwa mara mbili. Hiyo huzuia bungua na kuvu, ila mvua huiosha, kwa hiyo nje haifai.

Oili chafu ya gari tunaikuta kila mahali. Haiingii ndani ya mbao, hunuka miezi, haikubali rangi juu yake, na inaongeza chakula cha moto. Wazee walikuwa na dawa bora: moshi wa jiko la katikati ya nyumba, uliozipaka fito na nguzo masizi kila siku hadi bungua wakakosa hamu. Nyumba ya kisasa imelitoa jiko nje, na ulinzi ule umetoka nalo.

Moto wenyewe upimwe upande mkavu. Fyeka mita 10 kuzunguka nyumba kabla ya Agosti, na uliza zimamoto wa karibu yuko umbali gani na barabara ikoje. Nyaya zipite kwenye mabomba, zisilale juu ya mbao.

Na paa. Juu mlimani bati hutoa jasho alfajiri: hewa ya ndani yenye joto hukutana na bati la baridi, maji hudondoka darini hata pasipo mvua, na mwenye nyumba huita fundi kutafuta tundu ambalo halipo. Weka karatasi ya kuzuia maji chini ya bati, na uache hewa ipite kutoka kingo za paa hadi kwenye kofia.

Karatasi na kona

Ardhi nyingi ya vihambani ni ya ukoo kabla ya kuwa yako. Hati ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ni bora kuliko maneno ya shangazi, lakini pata vyote viwili, maana na makaburi yapo pale. Karibu na msitu uliza mpaka wa nusu maili, ule ukanda wa msitu uliotengwa kwa matumizi ya wenyeji, uko wapi hasa. Ukanda huo uliwekwa 1941, na mashahidi wa mpaka hawakubaliani kila mara. Mti wako mwenyewe, ulioupanda mwenyewe, bado unahitaji kibali kabla ya kuukata, na mbao zake zinahitaji hati ya kusafirishia zikitoka kwenda kupasuliwa kwingine. Anza kwenye ofisi ya kijiji, kisha kwa afisa misitu wa wilaya, na uanze miezi kadhaa kabla ya msimu wa kujenga. Kibali cha ujenzi cha halmashauri kinakwenda na michoro. Andika wazi kuwa kuta ni za mbao.

La mwisho kupima ni njia. Fuso iliyobeba mbao haipandi barabara ya udongo mwekundu Aprili, kwa hiyo mzigo uwe umefika kabla ya Machi. Hata kiangazi, boriti ya mita 6 haikunji kona. Kata mwanzi wa mita 6, watu wawili waubebe kwa usawa kutoka barabara kuu hadi kiwanjani, wakifuata njia ya gari. Pale utakapokwama kwenye ua wa jirani ndipo lori litakapokwama. Kuanzia hapo ni mabega: boriti mbichi ya 6x6 yenye urefu huo ina zaidi ya kilo 100, watu wanne kila moja, na kama kuna kona tatu na daraja la mfongo katikati, afadhali uchore nyumba yenye boriti za mita 4.